Sekunde Tatu Relini

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimelitoa kwenye kabati la ofisi. Ni la orodha ya wanafunzi: lina safu ya nambari, safu ya makosa na safu ya sahihi ya mwalimu. Kuanzia leo nitaliandikia mambo mengine, maana mwezi wa tano baraza la mji litakaa kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu magari yanayojiendesha, na mimi sitaki kwenda kule na "nilisikia" na "inasemekana". Nataka kwenda na tarehe, saa na idadi. Asiyeandika hubishiwa.

Basi tuanze. Leo saa mbili na robo asubuhi nimeyaona kwa macho yangu. Magari sita meupe yamefuatana kama mabata, usukani unazunguka wenyewe kana kwamba umeshikwa na mtu asiye na mwili. Nilikuwa na mwanafunzi, mama mmoja fundi cherehani. Akaachia klachi ghafla, gari likazimika katikati ya njia. Sikumgombeza. Mguu wangu mwenyewe ulikuwa umekufa ganzi.

Kwa faida ya atakayesoma: mimi nina shule ya udereva. Nilianza kwa kuosha magari gereji. Kuendesha nilijifunza kwa kurudisha nyuma magari ya wateja kutoka karo la kuoshea hadi getini, mita arobaini, miaka minne, bila kufundishwa na mtu. Leo nina magari manne, wakufunzi watatu, na watu 3,118 waliotoka mikononi mwangu na leseni. Wananiita Mama Breki. Mwanzoni jina lilinikera, baadaye nikalipaka rangi mlangoni.

Sasa eti dereva hahitajiki. Miaka kumi na tisa ya kupiga kelele "Tazama kioo!" imekuwa mchezo wa kitoto.

Hilo halikutosha. Saa kumi na moja binti yangu, ninaye huyo mmoja tu, ameingia sebuleni na fulana mpya ya kijani.

"Mama, nimepata kazi."

"Hongera. Wapi?"

"Kaa kwanza."

"Nitakaa nikichoka."

"Kwenye yale magari meupe. Nakaa kiti cha dereva, sishiki kitu. Likikosea ndiyo naingilia."

Nikakaa.

Jumanne, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Wanafunzi tisa, waliofika sita.

Alhamisi, 7 Machi

Mji mzima hauna habari nyingine. Mtaani magari yale yameshabatizwa: mayatima, kwa kuwa hayana wa kuyashika mkono. Leo darasani nilikuwa nafundisha alama za barabarani, nikageuka kuandika ubaoni, kurudi nyuma nakuta baraza limeshakaa bila mwenyekiti.

"Mimi naona afadhali," anasema fundi cherehani. "Yatima halinywi, halichezei simu, halimtongozi abiria."

"Na likiua utamfunga nani?" Huyo ni kinyozi, amefeli mtihani mara mbili na bado ana mdomo.

"Kwani hawa wanaogonga na kukimbia kila siku, amefungwa nani? Baba yako?"

"Baba yangu ana baiskeli!"

Wakacheka mpaka chaki ikanidondoka. Mzee wa Vioo, mkufunzi wangu mkuu, ambaye kwa miaka kumi na sita amekuwa akirekebisha vioo vya kila gari analolipita hata lisilokuwa letu, akasema kwa upole, "Lenyewe linatazama kioo gani?"

Mchana redioni wamepiga simu watu kumi na wawili. Wanane wanayapinga, watatu wanayataka. Wa kumi na mbili ni mwanamke asiyeona. Akasema, "Mnagombania usukani ambao mimi sijawahi hata kuahidiwa. Mkimaliza ugomvi wenu mniambie, niko kituoni nangoja mtu wa kunivusha." Nikazima redio. Halafu nikaona haya, nikaiwasha tena, nikakuta wameshaweka muziki.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeapa siulizi, nimeuliza.

"Linaendeshaje hilo dude lako?"

"Linaudhi kama wewe," binti yangu akajibu huku akisuka nywele zake mbele ya kioo.

"Kama mimi vipi?"

"Linangoja. Mtu akiinama kufunga kiatu karibu na kivuko, linangoja. Taa ikiwa njano, linangoja. Jana tumepigiwa honi mpaka nimejikunja chini ya usukani kwa aibu. Na unajua wote sita tunaokaa humo tuna vyeti vya shule yako? Wametuchagua kwa sababu eti watu wako hawana papara."

Nilifurahi kwa kiasi cha dakika moja. Kisha nikakasirika kwa kuwa nilifurahi.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Wipa ya gari namba tatu imekufa.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Wamiliki wenzangu wa shule za udereva wamekutana ofisini kwangu, kumi na mmoja, na kunichagua niwe msemaji wao siku ya kikao. "Wewe una takwimu," wakasema. Ninazo. Mpaka leo nimehesabu honi 64 zilizopigiwa mayatima, foleni 9, na ajali sifuri. Hiyo sifuri siipendi.

Jumatatu, 25 Machi

Daraja la barabara kuu limejaa maji, limefungwa. Magari yote ya mji sasa yanapita Relini, na mayatima nayo.

Relini ni kwangu. Palikuwa na reli ya kiwanda cha sabuni, ikikatiza barabara. Mtahini wa zamani alikuwa na neno moja: usiposimama Relini, umefeli, nenda nyumbani ukapike. Kwa hiyo nikawafundisha wanafunzi wangu: simama kabisa, hesabu moja na pumzi, mbili na pumzi, tatu na pumzi, tazama kushoto, tazama kulia, ondoka. Kiwanda kikafa. Reli iling'olewa miaka kumi na moja iliyopita na lami ikamwagwa juu, lakini mtahini aliendelea kuwafelisha watu kwa reli isiyokuwepo, nami nikaendelea kuwasimamisha. Mtahini akastaafu. Mimi nikaona ni zoezi zuri la nidhamu, nikaliacha. Leo kwa foleni hii, magari yangu yamesimama pale mara thelathini na sita na kila mara tumetukanwa. Hawatugongi kwa sababu tuna kibao chekundu nyuma: MWANAFUNZI. Mji mzima unakijua kibao hicho. Ukikiona, unakaa mbali.

Jumatano, 27 Machi

Nitaandika polepole.

Saa nne na dakika ishirini simu imelia. Sauti ya mwanamume: "Mama Breki? Ni mimi, 1,206." Wanafunzi wangu wengi nawajua kwa nambari kuliko majina, nao wanajua. 1,206 ni dereva wa lori la mchanga, mtu mzima, ana watoto wanne. "Mama, njoo Relini. Nimemgonga yatima. Mwanao yumo."

Sikumbuki nilivyofika. Mimi ninayekumbuka kila kitu, sikumbuki kama nilifunga mkanda.

Nilichokiona: gari jeupe limejikunja nyuma kama karatasi, buti limeingia kwenye kiti cha abiria. Lori limesimama juu yake, mchanga umemwagika na mvua inauosha. Breki za lori zimeacha alama ya mita kumi na nne. Binti yangu amelazwa kwenye machela, shingo imefungwa, midomo haina rangi. 1,206 amekaa kwenye ukingo wa mtaro ameshika kichwa.

Mfupa wa mtulinga umevunjika, shingo imeteguka. Daktari anasema wiki sita. Nikamwuliza, wiki sita mpaka afanye nini? Akasema, mpaka ageuze kichwa bila kulia.

Wodini, saa nane, wametuacha wawili.

"Ilikuwaje, mwanangu?"

"Lilisimama."

"Kulikuwa na nini mbele?"

"Hakuna kitu."

Relini. Hakuna kitu mbele. Likasimama. Huyu mtoto nilimfundisha mimi mwenyewe, akiwa na miaka kumi na minane, kwenye barabara hiyo hiyo. Mguu wake umepita pale mara ngapi? Mguu una kumbukumbu yake, hauombi ruhusa kichwani. Nikauliza kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda:

"Ulikanyaga breki?"

Akanitazama. Hawezi kugeuza shingo, kwa hiyo alinitazama kwa pembe ya jicho.

"Hata wewe, Mama?"

"Nauliza tu."

"Miguu yangu ilikuwa sakafuni. Sikukanyaga."

Nikasema nakuamini. Alijua simwamini. Akafumba macho mpaka muuguzi akaja kunitoa.

Jumamosi, 30 Machi

Kampuni imetoa tamko. Msemaji wao amelisoma mbele ya waandishi wa habari. Mtaani wanamwita Bwana Viatu, kwa kuwa katika mji uliojaa tope hivi viatu vyake havijawahi kuwa na doa. "Chombo chetu hakina sababu ya kusimama mahali pasipo na kizuizi. Tunaamini msimamizi aliingilia kati bila sababu." Kinasa kumbukumbu cha gari kilikuwa kwenye buti. Kimesagwa. Kwa hiyo ni neno la kampuni dhidi ya neno la mtoto aliyelala chali.

Askari wa usalama barabarani amekuja wodini na karatasi. Ikithibitika alifunga breki bila sababu, ni mahakamani, kwa uendeshaji wa hatari, na leseni inakwenda. Ana miaka ishirini na mitatu, na jina limeshaharibika.

Nami, Mungu anisamehe, bado nadhani kweli alikanyaga.

Jumanne, 2 Aprili

1,206 amekuja ofisini. Alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika.

"Ingia baba, utapata homa."

"Nimekuja kuomba radhi, Mama."

"Ulikuwa mita ngapi nyuma yake?"

"Nane."

"Nilikufundisha nane?"

"Ulinifundisha ishirini na tano kwenye mvua." Akatazama chini. "Lakini Mama, pale hakuna mtu anayesimama! Mimi niliacha kusimama siku ile ile niliyopata leseni. Pale husimama wanafunzi tu, na wanafunzi wana kibao. Ningeona kibao ningekaa mbali. Ningejuaje kuwa lile gari ni mwanafunzi?"

Alipoondoka, sentensi hiyo haikuondoka naye.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimemwuliza binti swali jingine, la adabu zaidi. "Siku zile mbili kabla ya ajali, mlipita Relini?"

"Mara nyingi."

"Lilisimama?"

"Kila mara."

"Mungu wangu! Na hukuripoti?"

"Niripoti nini? Ndivyo inavyotakiwa, si ndiyo? Na mimi husimama pale."

Wasimamizi sita, wote wa kwangu, wote waliliona gari likisimama mahali pasipo na kitu, na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu.

Jumatatu, 8 Aprili

Leo mayatima matano yamerudishwa barabarani. Nimesimama Relini kuanzia saa mbili hadi saa saba, mwavuli mkono mmoja, saa ya kupimia mkono wa pili. Muuza magazeti wa pale amenipa kreti nikalie.

Yamepita mara kumi na moja. Yamesimama mara kumi na moja.

Nimepima: sekunde tatu. Tatu. Tatu na sehemu moja ya kumi. Tatu. Hakuna hata moja lililosimama mbili au nne. Halafu kijicho kilichoko juu ya paa lake kinageuka kushoto, kinageuka kulia, gari linaondoka.

Mara ya sita nilijikuta nahesabu kwa sauti. Moja na pumzi, mbili na pumzi, tatu na pumzi. Likaondoka kwenye "tatu" yangu kama lililonisikia. Mtoto hakukanyaga. Mtoto alisema kweli, na mama yake, anayejitapa kwa ushahidi, alimhukumu bila hata shahidi mmoja.

Muuza magazeti akaniuliza, "Mama, unaumwa?"

"Hapana. Nimesikia sauti yangu ikitoka kwenye gari la watu."

Akasogeza meza yake mbali kidogo.

Jumanne, 9 Aprili

Nimemsimulia Mzee wa Vioo. Aliinuka, akaenda kwenye gari namba moja, akafungua mlango, akagonga kwa kucha kwenye kile kidude cheusi kilichobandikwa chini ya kioo cha ndani.

"Na hiki? Kinatazama wapi?"

Kamera. Miaka mitatu iliyopita alikuja kijana mmoja nadhifu, akatupa kamera nne bure, "kwa usalama wa wanafunzi". Nikatia sahihi. Nimekwenda kabatini, nimeitoa ile karatasi. Kurasa kumi na nne. Ukurasa wa kumi na moja, mstari wa tatu kutoka chini: picha zinaweza kutumika kufundishia mifumo ya uendeshaji. Jina la kampuni pale chini ni lile lile lililopakwa kwenye mayatima.

Mimi! Mimi ninayehesabu hata vizibo vya matairi, sikufika ukurasa wa kumi na moja.

Basi nimehesabu leo. Magari manne, kupita Relini mara tisa kwa siku kila moja, siku ishirini na sita kwa mwezi, miezi thelathini na sita. Mara 33,696. Mara elfu thelathini na tatu mia sita tisini na sita, gari la Mama Breki limesimama mbele ya reli isiyokuwepo, likahesabu pumzi tatu, na kile kidude cheusi kikatazama na kushika. Hata jiwe lingeshika.

Jumatano, 10 Aprili

Sikufundisha.

Alhamisi, 11 Aprili

Sikufundisha. Mvua.

Jumamosi, 20 Aprili

Binti amerudi nyumbani na kola ya shingoni. Hati ya kuitwa mahakamani imefika kabla yake. Baraza nalo litamjadili kwenye kikao cha tarehe mbili Mei, na askari amesema atasubiri litakalosemwa huko.

Mzee wa Vioo amenifuata jikoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Bosi, nyamaza. Mtafutie wakili, aseme lake. Ukisimama ukasema ulifundisha kosa, mkaguzi wa shule atakuwa mstari wa mbele. Watafunga mlango siku hiyo hiyo. Na wenzako kumi na mmoja uliowaahidi utawaambia nini? Walikutuma ukalipige lile gari, siyo ukaliombee msamaha."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni kijana. Leseni hutafutwa upya."

"Kwa hiyo yeye apoteze, mimi nibaki."

Akageuza kikombe chake mara tatu mezani, kama anayerekebisha kioo. "Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo, kaka yangu. Kwa adabu tu."

Mlangoni alikuwa amesimama binti yangu, na kola yake. Sijui alisikia kuanzia wapi. Nikamwambia jambo nililopaswa kulisema wodini: "Hukukanyaga. Nimeyapima. Nisamehe." Akajaribu kutikisa kichwa, akakumbuka shingo, akasema tu, "Haya, Mama. Nimeshakusamehe, ila bado nimekasirika." Hiyo ni hesabu ya haki.

Alhamisi, 2 Mei

Ukumbi wa baraza una viti mia na hamsini. Nilihesabu watu mia mbili na kumi na wawili. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba kila msemaji alikuwa kama anayegombana.

Walizungumza kumi na tisa kabla yangu. Dereva wa teksi alilia, kweli kabisa, mtu na mvi zake. Daktari wa majeruhi alitaja idadi ya waliovunjika mwaka jana kwa madereva wenye macho mawili na mikono miwili. Yule mwanamke asiyeona wa redioni alikuja, akasema maneno yake yale yale, akakaa. Kisha Bwana Viatu akasimama na tamko lake: chombo hakina kosa, msimamizi aliingilia.

Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, akaita, "Msemaji wa shule za udereva."

Wenzangu kumi na mmoja wakapiga makofi. Nikasimama. Nilikuwa nimeandika kurasa saba. Nikaziacha kwenye kiti.

"Mwenyekiti, naomba kikao kihamie Relini. Dakika kumi kwa miguu."

"Kwenye mvua hii?"

"Mtoto wangu aligongwa kwenye mvua hii."

Wakanung'unika, lakini hakuna mwanadamu anayekataa kwenda kutazama. Tulitoka kama msiba, miavuli mbele, miavuli nyuma. Askari akafunga barabara pande zote mbili. Wakaleta yatima moja. Nikamgeukia Bwana Viatu.

"Baba, panda wewe. Kaa kiti cha dereva."

"Mimi?"

"Ndiyo. Vua viatu, kunja miguu juu ya kiti, tuione kupitia kioo. Ili kesho asije mtu kusema ulikanyaga."

Watu wakaangua kicheko. Akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama mvua. Akapanda. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia. Magoti yakafika kidevuni.

"Likifika hapa," nikawaambia watu, "hesabuni nami. Moja na pumzi, mbili na pumzi."

Likaja. Barabara nyeupe, tupu, hakuna paka, hakuna jani. Likafika Relini. Likasimama.

Sauti mia mbili zikasema: Moja na pumzi. Mbili na pumzi. Tatu na pumzi.

Kijicho kushoto. Kijicho kulia. Likaondoka.

Bwana Viatu ndani ya kioo alikuwa amegeuka rangi ya karatasi. Mwenyekiti aliondoa miwani, akaifuta, akairudisha bado ina maji.

"Limesimama kwa sababu gani?" akauliza.

"Kwa sababu yangu."

Nikasema yote. Mtahini. Reli. Miaka kumi na moja. Kamera. Ukurasa wa kumi na moja. 33,696. Wasimamizi sita ambao hawakushangaa kwa kuwa niliwalea hivyo. Nikasema, "Mwanangu hakukanyaga. 1,206 alikaribia mno, hilo ni lake, lakini alikuwa nyuma ya mwanafunzi bila kuambiwa kuwa ni mwanafunzi. Mwalimu ni mimi."

Kutoka nyuma mtu akapiga ukelele, "Kumbe yatima ana mama!" Na mwingine, "Umleavyo ndivyo akuavyo!" Wakacheka, ila kicheko hakikuwa na meno. Wenzangu kumi na mmoja hawakucheka. Watatu walikuwa wameshaondoka.

Mkaguzi wa shule akasogea, kalamu mkononi. "Kwa hiyo unakiri kuwa umefundisha kosa kwa miaka kumi na moja?"

"Nakiri. Andika pia kuwa ulinikagua mara kumi na moja."

Akaacha kuandika kidogo, kisha akaendelea.

Mwenyekiti akasema, "Mama, wewe ulitumwa kuyapinga haya magari. Sasa unasemaje? Yaende au yabaki?"

Nilidhani ninalo jibu. Kwa miezi miwili nilikuwa nalo. Nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Nilikuja nikidhani yanaiba kazi yangu. Kumbe yameshaichukua, pamoja na makosa yake, na hakuna aliyejua kosa ni la nani. Basi yatendeeni kama tunavyomtendea kila anayejifunza. Kwanza, kila mtu ajue yamejifunza kwa nani. Pili, yawekewe kibao."

"Kibao gani?"

"Chekundu. MWANAFUNZI. Nyuma na mbele, mpaka yafaulu mtihani."

Yule mwanamke asiyeona, aliyekuwa ameshikwa mkono na daktari chini ya mwavuli, akauliza kwa sauti, "Na yakifaulu nitapanda?"

"Utapanda, dada yangu," nikamjibu. Sikutegemea kulisema.

Ijumaa, 10 Mei

Barua mbili. Moja: shauri la binti yangu limefutwa. Ya pili: shule yangu imefungwa siku thelathini, mpaka masomo yaandikwe upya. Majaribio ya mayatima yataendelea miezi sita, na vibao. Wamiliki wenzangu wamechagua msemaji mwingine.

Jumamosi, 18 Mei

Jua. Siku ya nne bila mvua. Daraja limefunguliwa, lakini nimepita Relini kwa makusudi, binti yangu kando, ameivua kola. Nilitaka kuvuka bila kusimama, mara moja tu maishani, ili niseme nimeweza. Kampuni imeshatangaza kuwa magari yake yote yamesahihishwa kwa asubuhi moja.

Nikafika. Hakuna reli. Hakuna mtahini. Nikajiambia pita.

Mguu ukakanyaga.

Moja na pumzi. "Mama!" binti yangu akasema, akaanza kucheka kwa kushikilia bega. Mbili na pumzi. Nikatazama kioo. Nyuma yetu kulikuwa na gari jeupe, kibao chekundu mbele. Lilikuwa limesimama kwa ajili yangu. Halikupiga honi. Kwa jicho langu, na jicho langu halikosei kwa zaidi ya mita moja, lilikuwa umbali wa mita ishirini na tano.

Hata 1,206 sikuwahi kumfikisha hapo.

Nimerudi ofisini, mlango umefungwa kwa amri, nimepitia dirishani. Nimefungua daftari hili kwenye safu zake za kawaida, nikaandika kwa kalamu nyekundu:

3,119. Gari jeupe. Makosa: moja, la mwalimu.

Kisha nikatia sahihi.